Sura ya Tano: Niachie

Kipini chekundu ndicho kilichonifichua.

Tulikuwa tumesimama kando ya njia ya kurukia pale Wilson, Nairobi, saa moja kasoro asubuhi, na mbele yetu Fokker moja ya miraa ilikuwa ikijipanga kuondoka. Nilikuwa nikisoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, kidole kikishuka mstari mmoja baada ya mwingine, nikijisikia nimerudi nyumbani. Nilipofika penye mchanganyiko wa mafuta na hewa, nikakisukuma kipini chekundu hadi mwisho, kama nilivyokariri usiku wa kuamkia siku ile. Injini ikakohoa, ikatetemeka kidogo, ikaendelea kunguruma kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Kapteni, mkufunzi wangu, hakugeuka. Aliendelea kuitazama ile Fokker.

"Mwalimu," akasema, "hapa ni Mombasa?"

"Hapana, Kapteni."

"Mbona basi umeweka mafuta ya Mombasa?"

Uwanja wa Wilson uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na injini ya Cessna 172, ambayo haina kifaa cha kuisukumia hewa, huvuta kile inachokipata. Ukiimwagia mafuta kwa kipimo cha pwani, mafuta yanaizidi hewa, moto unawaka vibaya, nguvu zinapungua wakati unapozihitaji kuliko wakati wowote. Ndiyo maana kipini chekundu huvutwa nyuma kidogo kidogo, sikio likisikiliza na jicho likitazama saa ya mizunguko, mpaka injini ichangamke.

Aibu yangu ilikuwa na uzito wake, kwa sababu mimi ni mwalimu wa fizikia. Uhusiano wa joto, shinikizo na msongamano wa gesi naufundisha kidato cha tatu kila mwaka. Ningeweza kukuandikia ubaoni, bila kufungua kitabu, kwamba mchana wa nyuzi 25 hewa ya Wilson huwa nyepesi kama ya mahali palipo futi 8,000, kwamba injini ya nguvu za farasi 160 hubaki na kama 120 hivi, na kwamba ndege itasogea juu ya ardhi kwa kasi kubwa kuliko ile inayoonyeshwa na saa ya kasi. Saa ikisema noti 65 (noti ya mabaharia, si ya benki), mbio halisi ni kama 73. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Mkono wangu ukakisukuma kipini hadi mwisho vilevile.

Niliacha kuruka nikiwa na saa 31. Ada iliisha, ndugu zangu wawili walikuwa bado shuleni, na kwa bei ya saa moja ya ndege ningeweza kununua mbuzi wawili wazuri. Nikaifunga logibuku katika mfuko wa nailoni, nikaiweka juu ya kabati, nikaenda kufundisha. Miaka 12 ikapita hivyo. Nilipopata tena uwezo nilikuwa na miaka 43, kitambi kidogo, na hesabu moja rahisi. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa linataka saa 40 kwa leseni ya rubani wa binafsi. Mimi ninazo 31. Zimebaki tisa.

Nilimwambia Kapteni hesabu hiyo siku ya kwanza, ofisini kwake, chumba chenye meza moja na ramani ya Kenya iliyofifia kwa jua. Yeye ni mtu wa Lamu, ana umri wa kuweza kunizaa, baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Alifungua logibuku yangu ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama mtu anayesoma barua ya deni.

"Hizi saa 31 ziko wapi?"

"Hizo hapo, Kapteni. Zimeandikwa."

"Maandishi nayaona. Nakuuliza saa ziko wapi."

Sikuwa na jibu. Akaifunga, akanirudishia, akaniambia nije kesho yake saa kumi na mbili na nusu, na nisichelewe.

Kuna neno moja ambalo kila aliyefundishwa naye analijua. Likitoka, unaondoa mikono kwenye usukani na miguu kwenye vikanyagio papo hapo, unarudia neno la kukiri kwamba umeachia, kisha unakaa kimya ukitazama mtu mwingine akiirekebisha fujo yako. Neno lenyewe ni "Niachie." Hakulipandishia sauti hata mara moja. Alilisema kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni. Saa ile ya kwanza nililisikia mara sita.

Cha ajabu ni kwamba mikono haikuwa mibaya. Nilipopinda kushoto, mguu wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye kikanyagio, na ndege ikalala vizuri bila kuteleza. Nilipoambiwa nishike futi 8,000 nilizishika. Mambo yaliharibika pale palipotakiwa vitu viwili kwa pamoja. Mnara ukiita, niliitikia nikasahau kutazama nje. Nikitazama nje, nilisahau mnara ulisema nini. Tulipokuwa tukirudi nilijua jinsi ya kuteremsha flapi lakini sikujua kama wakati wake umefika, umepita, au bado.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hali hiyo imechunguzwa. Mwaka 2014 Stephen Casner, mtafiti wa NASA, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia marubani 16 wa mashirika ya ndege ndani ya chombo cha kuigiza Boeing 747-400. Hao ni watu waliozoea kuiachia kompyuta kazi. Walipotakiwa kuendesha kwa mkono, wengi walionyesha kwamba mkono bado upo, wakashika usukani na kusoma saa zao vizuri tu. Kilichochakaa ni kile cha kichwani: kujua ndege iko wapi sasa, hatua inayofuata ni ipi, na kutambua kwamba kifaa fulani kimeacha kusema kweli. Nilipolisoma hilo nilipumua kidogo. Halafu nikaona halinifariji hata kidogo, maana abiria hauawi na mkono.

Kapteni alikuwa akilijua jambo hilo bila chombo cha NASA. Hofu yake haikuwa juu ya wanafunzi wapya. Mpya hajui kitu na anajua kwamba hajui. Ukimwambia vuta anavuta, ukimwambia acha anaacha. Anayerudi ndiye mwenye kazi. Ana vipande vya ujuzi vilivyotawanyika, na kwa kuwa kila kipande kimoja kimoja ni cha kweli, anadhani picha nzima anayo.

Kwa hiyo alianza kuniondolea vipande. Somo la tatu, tukiwa upande wa kusini juu ya nyanda za Kajiado, alitoa mfukoni risiti ya petroli, akailamba pembe moja, akaibandika juu ya kioo cha saa ya kasi. Akaitazama kama ameridhika na kazi yake.

"Twende nyumbani."

"Bila kasi, Kapteni?"

"Kasi ipo. Saa ndiyo haipo."

Jaribu siku moja kuendesha gari kipimo cha mwendo kikiwa kimefunikwa, na utaona si kitu. Gari likipungua mwendo halianguki. Bawa la ndege hubeba kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa pembe fulani. Ukiinyanyua pua mno, hewa inashindwa kulifuata umbo la bawa, inachanika, na bawa linaacha kubeba. Marubani tunaiita stoli, na mwanafunzi huogopa neno hilo kuliko jina la ugonjwa. Kwa hiyo nilishika usukani kwa vidole vilivyokakamaa nikiikodolea macho ile risiti, kana kwamba nikiitazama vya kutosha ningeona sindano iliyo nyuma yake. Lita 38.4, ilisema. Imelipwa kwa simu.

Dakika kadhaa zilipita kabla sijaanza kusikia. Upepo kwenye mlango ulikuwa na sauti yake, na sauti hiyo ilipungua kila nilipoinua pua. Usukani nao ulikuwa na uzito: mgumu ndege ikiwa na mbio, laini kama uji inapochoka. Upeo wa macho ulikuwa na mahali pake juu ya pua ya ndege. Vyote hivyo vilikuwa vikiniambia kasi tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeshughulika na kijisaa. Tulitua kwa kishindo ambacho nina hakika walikisikia mnarani. Kapteni alibandua risiti yake, akaikunja, akairudisha mfukoni. Hiyo ndiyo sifa niliyoipata siku ile.

Hapa niseme jambo, maana kuna watu watakaosoma haya wakadhani nasifu ukali. Mkufunzi wangu wa kwanza, miaka ile ya zamani, alikuwa mkali pia. Alipiga kelele. Alinipiga ubao wa karatasi gotini, alisema mbele ya wanafunzi wenzangu kwamba nirudi nikaendeshe mkokoteni. Sehemu kubwa ya nilichojifunza kwake ni kuusoma uso wake. Nikaruka nikitazama kidevu chake badala ya upeo wa macho. Ukali wa namna hiyo ni hasira tu iliyovaa miwani ya jua, na ada ikiisha unashukuru.

Katika historia ya kazi hii mkufunzi amekuwa na sauti kubwa tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa na sauti peke yake. Mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, afisa Mwingereza Robert Smith-Barry alianzisha pale Gosport utaratibu mpya wa kufundisha marubani. Kabla yake wanafunzi walifundishwa hovyo na kufa kwa wingi. Wakufunzi wenyewe waliwaita kwa jina la kebehi walilompa adui Mjerumani, maana waliwaona ni hatari kama yeye. Smith-Barry akasema mwanafunzi aingizwe kwenye hatari kwa makusudi, aone jinsi ndege inavyoingia stoli na kuzunguka kama pia, kisha afundishwe kutoka. Ulikuwa ni mwanzo wa ufundishaji wa kweli. Kutoka Gosport kilitoka pia kifaa kidogo: mpira wa kupitishia sauti, kutoka mdomoni mwa mkufunzi hadi masikioni mwa mwanafunzi. Sauti ilikwenda upande mmoja. Mwanafunzi alisikia, hakujibu. Nilipoona picha ya mpira huo nilicheka, nikamkumbuka yule wa ubao wa karatasi.

Somo la sita lilinionyesha kwamba mpira huo nilikuwa nimeuvaa mwenyewe.

Kabla ya kuruka tulikuwa tumekubaliana, na nilikuwa nimeandika kwenye karatasi iliyofungwa pajani, kwamba siku ile hatutashuka chini ya futi 7,500 tukiwa katika eneo la mazoezi. Kulipokuwa shwari Kapteni alisema, "Niachie, nikuonyeshe pindo la mteremko." Nikaachia. Akapinda kulia, taratibu, akieleza jambo kuhusu kusi na kaskazi na jinsi tanga linavyoshika upepo. Sindano ya kimo ikashuka. 7,600. 7,500. 7,400. Yeye anazungumza. 7,300. Nikaitazama sindano, nikamtazama, nikaitazama tena. Nikajiambia ana sababu zake.

Akanyoosha mabawa.

"Mwalimu, tulikubaliana futi ngapi?"

"7,500, Kapteni."

"Uliona tulipopita?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

Nilimjibu ukweli, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia ndani ya Cessna. Nilisema niliona ni yeye, mtu mzima, mwenye maelfu ya saa. Nilisema nilimstahi.

Alikaa kimya muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha akasema, "Adabu yako hiyo, waachie walioko chini. Huku juu itatuzika wote."

Tulipotua alinihadithia Tenerife. Nilikuwa nikiijua kwa tarakimu: tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ukungu mzito, watu 583 wakafa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Yeye hakuanza na tarakimu. Alianza na kiti cha kushoto cha ndege ya KLM. Aliyekikalia alikuwa Jacob Veldhuyzen van Zanten, mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, mtu ambaye sura yake ilitumika kwenye matangazo ya shirika hilo. Rubani msaidizi aliyekaa kulia kwake alikuwa ametahiniwa na yeye mwenyewe muda si mrefu kabla ya safari ile. Nahodha alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza, msaidizi alimkumbusha kwamba hawajapata ruhusa. Alipozisukuma mara ya pili, msaidizi hakurudia. Ndege ikiwa tayari inakimbia, mhandisi aliyekaa nyuma yao aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuuliza tena. Ilikuwa bado njiani.

"Huyo mhandisi," Kapteni alisema, "alikuwa na adabu kama yako."

Baada ya ajali hiyo na nyingine za miaka ile, NASA iliitisha warsha mwaka 1979 kuhusu jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja ndani ya chumba cha rubani, na kufikia mwaka 1981 shirika la United lilikuwa na mafunzo rasmi ya kumfundisha nahodha kusikiliza na mdogo wake kusema. Leo mafunzo hayo yako kila mahali. Lakini nadhani kwetu kazi ni ngumu zaidi. Mholanzi alihitaji kufundishwa kumsahihisha bosi. Mimi nahitaji kufundishwa kumsahihisha mzee niliyemwamkia shikamoo dakika ishirini zilizopita, akanijibu marahaba, tena kwa lugha ambayo imejaa njia za kusema jambo bila kulisema. Nilikuwa na "samahani, Kapteni, sijui kama..." nyingi mdomoni. Hata moja haingefika mwisho kabla ya futi 300 kwisha.

Akanipa sentensi za kutumia, fupi, zisizo na samahani. Kimo 7,300, tumepita. Kasi inashuka. Sijaridhika. Nikazifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo cha kabati, mke wangu akaniuliza nagombana na nani.

Aliniambia pia jambo kuhusu neno rubani, ambalo mimi nilikuwa nimelitumia maisha yote nikidhani ni la ndege. Kwa mabaharia wa zamani, alisema, nahodha alikuwa mwenye chombo, amri zote zake. Rubani alikuwa ni yule ajuaye njia, anayepanda ili kukiongoza chombo kipite mlangoni mwa bandari bila kugusa miamba. Angeweza kuwa mtu mdogo kabisa. Nahodha akitaka kupita hapa, rubani anamwambia hapa pana mwamba. Basi.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya baridi, nilikuwa nimepanda kulifikia bawa kupima mafuta kwa kijiti. Tangi la kulia lilikuwa limejaa. La kushoto lilifika nusu. Nikaandika. Tulipofunga mikanda Kapteni akatazama saa yake ya mkononi, akasema, "Matangi yote yamejaa, washa twende."

"La kushoto liko nusu, Kapteni. Nimelipima."

Alishuka bila neno, akapanda kulifikia bawa na viatu vyake vilivyong'arishwa, akachovya kijiti mwenyewe, akakitazama kwenye mwanga. Akaita gari la mafuta. Hadi leo sijui kama alikuwa akinijaribu au alikosea kweli. Nimewahi kumuuliza. Alisema mafuta ya ndege ni ghali, nisiyapoteze kwa maswali.

Siku aliyoniacha niruke peke yangu hakunitangulizia habari. Tulizunguka uwanja mara tatu, na baada ya mara ya tatu aliniambia nisimame kando. Akafungua mlango upepo wa propela ukipiga suruali yake, akaifunga mikanda ya kiti chake juu ya kiti kitupu ili isije ikauzuia usukani, akaangalia kipini chekundu kilipokuwa, akaondoka akielekea kwenye kivuli cha jengo. Hakugeuka nyuma.

Bila uzito wake ndege ilipanda haraka kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikijisemea kimo na kasi kwa sauti, zile sentensi fupi, nikimwambia mtu ambaye hayupo. Nilipopinda mara ya mwisho kuelekea njia ya kutulia nilikuwa juu mno. Nikaliona, nikalisema, nikapunguza nguvu za injini. Gurudumu la kushoto liligusa kwanza, kisha la kulia, kisha la mbele.

Alipotia sahihi kwenye logibuku nilijumlisha saa tangu niliporudi. Nilikuwa nimepanga saa tisa za kumaliza leseni. Zilikuwa zimepita tisa na dakika 40, na ndiyo kwanza nimefika pale nilipokuwa miaka 12 nyuma. Kapteni alinidai zote, pamoja na ile ya risiti ya petroli. Somo lililofuata lilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na nusu.